Sijaona si hakuna

Hotuba hii niliitoa Ijumaa asubuhi kwenye kikao cha mafunzo cha hospitali yetu hapa Tanga. Waliokuwa wodini na waliotoka zamu ya usiku wameniomba niiandike yote. Nimeiweka kama nilivyoisema. Picha nilizokuwa nikionyesha ukutani nimeziacha, na hamjapoteza kitu.

Mheshimiwa mwenyekiti, madaktari, wauguzi, wafamasia, ndugu zangu wa maabara, na nyinyi vijana wa mafunzo ambao nawaona mmekaa karibu na mlango, itifaki imezingatiwa. Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Na walioamka bila chai, poleni.

Mimi ni mkutubi. Sijawahi kumchoma mtu sindano, na mkiniachia mgonjwa hapa nitakimbia. Lakini lipo neno moja ambalo mimi na nyinyi tunalitumia kila siku, na neno hilo linaweza kuua. Neno lenyewe ni "hakuna". Hakuna utafiti kuhusu hilo. Nimetafuta, hakuna. Leo nataka tulifungulie kesi neno hilo, na wa kwanza kupanda kizimbani ni mimi mwenyewe.

Mwaka 1998 nilikuwa kijana, nafanya kazi kwenye maktaba moja yenye kompyuta moja. Siku hizo kanzidata ya MEDLINE, yaani orodha ya kompyuta ya makala za tiba, ilikuwa ikija kwa posta ndani ya diski, na diski ile tuliilinda kama mboni ya jicho. Akaja daktari wa watoto. Alitaka kujua kama kuna aliyechunguza upungufu wa damu na minyoo ya safura kwa watoto wa shule wa pwani yetu. Nikaweka diski, nikaandika "anaemia", kwa tahajia ya Waingereza kama tulivyofundishwa shuleni. Zikaja makala chache, nyingi za majarida ya Uingereza, wala hapana hata moja iliyogusa alichouliza. Nikamwambia kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake: "Hakuna, daktari."

Wiki kadhaa baadaye mwenzangu akaandika neno lilelile bila ile herufi "a" ya katikati, kama Wamarekani. Mnajua kilichotoka? Utafiti wa watoto wa shule wa Pemba, uliochapishwa 1997 kwenye jarida la Marekani, kuhusu upungufu wa madini ya chuma na safura. Pemba! Kisiwa ambacho boti zake tunaziona zikiondoka hapo bandarini. Jibu lilikuwa ng'ambo ya maji yetu, likaenda Marekani, likaandikwa kwa tahajia ya kule, likarudi Tanga ndani ya diski, na mimi nikamwambia daktari hakuna.

Nilipompelekea karatasi hakunigombeza. Alisema tu, "Kumbe ulikuwa hujaona."

Sijaona si hakuna. Naomba mseme nami. Sijaona... (ukumbi ukaitikia: si hakuna). Asanteni. Huko nyuma mmeitika kwa uvivu, tutarudia.

Sasa, ndugu zangu, tuanze na kitu ambacho wengi wetu tunakitumia bila kujua ni nini. PubMed ni nini? Nikiuliza wanafunzi, wananijibu: ni Google ya madaktari. Siyo. Wengine wanasema: ni maktaba ya makala. Siyo pia. Ni faharasa. Ni lile kabati la kadi lililokuwa likisimama mlangoni mwa maktaba za zamani, lenye droo ndogondogo. Ndani ya kadi mna jina la makala, waandishi, jarida, mwaka, na mara nyingi ikisiri, yaani muhtasari mfupi wa makala. Makala yenyewe iko kwingine. Kadi inakuelekeza tu nyumba ilipo, na mlango ukiwa umefungwa, hilo si kosa la kadi.

Kabati hilo lina mwenyewe. Kijana mmoja wa Marekani, John Shaw Billings, mwaka 1860 alikuwa akimalizia masomo ya udaktari huko Ohio. Tasnifu yake ilihusu upasuaji wa kutibu kifafa. Akataka kujua jambo ambalo nyinyi mngelitaka pia: wangapi walishafanyiwa, wangapi walipona, wangapi walikufa. Ikambidi azunguke kwenye maktaba, afungue kitabu baada ya kitabu, jarida baada ya jarida, na hata hivyo asipate vyote, maana hapakuwa na maktaba yenye vyote wala orodha ya vilivyomo. Uchungu ule haukumtoka. Baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe alikabidhiwa maktaba ndogo ya jeshi huko Washington, na mwaka 1879, pamoja na Robert Fletcher, akaanza kutoa Index Medicus: orodha ya maandishi mapya ya tiba, yakiwa yamepangwa kwa mada. Orodha ile ilichapwa kwenye karatasi, kwa kukatika hapa na pale, hadi mwisho wa 2004. Kompyuta iliingia 1964, MEDLINE ikaanza 1971, na mwaka 1997 PubMed, ambayo ndani yake imo MEDLINE, ikafunguliwa bure kwa dunia nzima. Leo ina kadi zaidi ya milioni 37. Maktaba ndogo ya Billings ndiyo sasa Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani.

Milioni 37. Hebu fikirini kabati la kadi milioni 37, na wewe umesimama mbele yake saa nane usiku, mtoto wa watu amelala nyuma yako. Utafungua droo gani?

Hapo ndipo penye kazi, na hapo ndipo nitakaa sana leo. Droo zimeandikwa majina, na majina hayo hukuyaandika wewe. Ukienda soko la Mgandini ukauliza kitu kwa jina la kijijini kwenu, muuzaji atakwambia hakuna, na kitu chenyewe kiko chini ya meza yake. Tangu 1960 maktaba ile ina orodha rasmi ya istilahi, inaitwa MeSH. Kila makala ya MEDLINE ikiingia hubandikwa istilahi kutoka orodha hiyo. Zamani walikuwa watu, wanasoma makala moja moja na kuamua: hii inahusu malaria, hii inahusu ujauzito, hii ni jaribio la dawa. Tangu 2022 kazi hiyo inafanywa na programu, watu wakiikagua hapa na pale. Uzuri wa mpango huu ni kwamba mwandishi wa Brazili, wa Uchina na wa Ifakara wanaweza kuuita ugonjwa kwa majina matatu tofauti, na wote watatu wakalala kwenye droo moja. Istilahi zenyewe zimepangwa kama ukoo: ukimwita mama, watoto wake wanakuja naye.

Lakini jina rasmi huja baadaye. Ugonjwa huanza kuumiza watu kwanza, jina linafuata. UVIKO tuliuona wenyewe: watu walikuwa wanakufa mapema 2020, na istilahi yake kamili ikaingia kwenye ukoo wa MeSH wa 2021. Kabla ya hapo palikuwa na kibandiko cha muda tu.

Nataka niwape kisa cha kwetu, maana hiki nakipenda kuliko vyote.

Mnajua chikungunya. Mnajua pia kwamba neno hilo ni la Kimakonde, la kujikunja, kwa jinsi mgonjwa anavyopindwa na viungo. Dunia nzima, kuanzia India hadi visiwa vya Karibi, wanaita ugonjwa huo kwa lugha ya jirani zetu wa Newala. Mlipuko ulikuwa 1952 hadi 1953, kwenye nyanda za Wamakonde. Walioueleza kitaalamu ni Marion Robinson na W. H. R. Lumsden, kwenye makala mbili za 1955. Hizo ndizo makala mama. Haya, nani anaweza kuzipata? Kijana mmoja wa mafunzo, sitamtaja ila anacheka sasa hivi, nilimpa kazi hiyo wiki iliyopita. Akaandika "chikungunya" kwenye majina ya makala, akaongeza "Tanzania", akaweka miaka ya 1950. Akarudi akaniambia nini?

(Ukumbi: hakuna!)

Hakuna. Kwa nini? Kwa sababu majina ya makala zile hayana neno chikungunya. Yanazungumzia mlipuko wa ugonjwa wa virusi katika Jimbo la Kusini, Himaya ya Tanganyika. Tanzania haikuwepo 1955, ndugu zangu! Na makala nyingi za miaka ile ziliingizwa kwenye kanzidata bila ikisiri, kwa hiyo huna pengine pa kulinasa neno unalolitaka. Ukizitaka, andika Tanganyika. Andika virusi. Andika jina la mwandishi kama unalo.

Na kisa hakijaisha, maana ukirudi nyuma zaidi unakuta majina yamepishana kabisa. Mwaka 1870 paliingia homa Zanzibar, watu wakashikwa viungo hata kutembea hawawezi. Daktari Mskoti aliyekuwa akiishi Unguja, James Christie, aliiandika kwenye jarida la Uingereza mwaka 1872 kwa jina alilolisikia kwa wenyeji: kidinga pepo. Wazee walimwambia waliwahi kuiona, karibu miaka hamsini nyuma. Mnalisikia neno hilo? Kidinga pepo, kidingapopo. Wapo wataalamu wanaoamini kuwa neno "dengue" lenyewe lilitoka hapa kwetu, likasafiri hadi Karibi likapata matamshi ya Kihispania. Kisha mwaka 1971 Donald Carey akaandika makala akihoji: je, ile dinga ya Zanzibar, yenye maumivu ya viungo yanayodumu, haikuwa chikungunya tangu mwanzo? Yaani jina letu la ugonjwa mmoja likachukuliwa na ugonjwa mwingine, na ule wa kwanza ukaja kupewa jina la Kimakonde baadaye.

Sasa wewe unayetafuta historia ya chikungunya Afrika Mashariki, ukiandika chikungunya peke yake umeacha nje miaka mia. Ukiandika dengue peke yake umechanganya mawili. Mtafutaji mzuri, kabla hajagusa kompyuta, anachukua karatasi na kuandika majina yote: jina la leo, jina la zamani, jina la Kimarekani na la Kiingereza cha Uingereza, jina la dawa na jina la kiwandani, jina la nchi kabla ya uhuru na baada ya uhuru. Hao wote ni ndugu. Ndugu unawaunganisha kwa neno OR, yaani "au", unawafungia ndani ya mabano. Kisha familia hii na familia ile unazikutanisha kwa AND, yaani "na". Mengine ni mapambo.

Lipo na neno NOT, yaani "toa". Silipendi. Mtu ananiambia nataka watoto tu, basi naandika NOT watu wazima. Unajua umefanya nini? Kila makala iliyochunguza watoto na watu wazima pamoja umeitupa. Ulikuwa unapepeta mchele, umemwaga na ungo.

Jambo dogo, nalipitia haraka. PubMed ya sasa ina akili kuliko diski yangu ya 1998: ukiandika "anaemia" inakutafutia na "anemia". Lakini ukiweka alama za kunukuu, au kinyota cha kukata neno, akili hiyo inazimika. Kwa hiyo usiwe na haraka ya alama za kunukuu kwa kuwa umeona profesa anaziweka. Na baada ya kutafuta, fungua historia ya utafutaji uone mashine imekuelewaje. Mara nyingi utacheka. Tena kumbuka kwamba ndani ya PubMed zimo makala zisizo na kibandiko chochote cha MeSH, kwa kuwa majarida yake hayamo kwenye MEDLINE. Kwa hiyo tafuta kwa istilahi na kwa maneno ya kawaida, yote mawili, uyaunganishe kwa OR. Basi.

Nimesema kuhusu majina. Lakini majina ya nini? Ya swali. Na hapa nawageukia madaktari wangu kwa heshima zote. Mnanijia mnasema, "Nitafutie kitu kuhusu maji ya mshipa kwa watoto." Kitu! Nikiandika hivyo naleta maelfu. Nani? Mtoto wa umri gani, ana nini? Apewe nini? Badala ya nini? Unaogopa au unatarajia nini? Ukijibu hayo manne, nusu ya kazi imekwisha kabla ya kuwasha kompyuta.

Tuchukue mtoto huyo. Ana homa kali, mikono ya baridi, mzunguko wa damu umedorora. Je, nimpe maji ya mshipa kwa mkupuo, au nimpe ya kawaida tu taratibu? Kwa miaka mingi vitabu vilisema mkupuo, tena haraka. Ukiuliza swali hilo kwa mpango, watoto wenye homa kali upande mmoja, mkupuo wa maji upande wa pili, vifo upande wa tatu, na ukachuja kwa majaribio yenye mgawanyo wa bahati nasibu, maana hata aina ya utafiti hubandikwa kibandiko, utakutana na jaribio la FEAST la mwaka 2011. Watoto 3,141, kutoka Kenya, Uganda na Tanzania. Na Tanzania ilikuwa wapi? Muheza. Muheza hapo, wanakotoka machungwa mnayokula. Ndani ya saa 48, walifariki kati ya 10 na 11 katika kila watoto mia waliopewa mkupuo. Wasiopewa, 7 katika mia. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake.

Natulia kidogo hapo. Wapo wagonjwa waliopewa mkupuo kwa nia njema baada ya makala ile kuchapishwa, kwenye hospitali ambazo mchoro wa zamani ulikuwa bado umebandikwa ukutani. Simlaumu mtu. Lakini jibu lilitoka Muheza, Kilifi, Mbale, Soroti, na mtu wa Tanga anaweza kuhitaji faharasa iliyoko Marekani ili kujua alichofanya jirani yake.

Na ukiipata, usiishie kwenye ikisiri. Watoto wenye kuhara na wenye utapiamlo mkali hawakuwemo kwenye jaribio lile. Ukisoma namba tu ukakimbilia wodini, utamnyima maji mtoto wa kipindupindu. Ikisiri ni mtu anayekuita mlangoni. Ingia ndani ukae.

Tuendelee. Droo umeijua, jina umelijua, swali lako limenyooka. Hujaona. Je, sasa ni hakuna?

Juni 2001, Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani. Mnajua chuo hicho ni cha namna gani. Watafiti walikuwa wakichunguza namna mapafu ya mtu mzima wa afya yanavyojikinga dhidi ya pumu. Wakawapa watu waliojitolea kuvuta dawa iitwayo hexamethonium. Ilikuwa dawa ya zamani ya shinikizo la damu, ya miaka ya 1950, ilishaachwa. Mmoja wa waliojitolea alikuwa mwanamke wa miaka 24, mfanyakazi wa maabara palepale, mzima kabisa. Mapafu yake yakaharibika, akafariki.

Mtafiti alikuwa ametafuta. Naomba mlisikie hilo: alikuwa ametafuta. Alitumia PubMed pamoja na vitabu. Lakini PubMed ya wakati ule ilianzia 1966. Ripoti zilizoonyesha kuwa dawa ile inaweza kudhuru mapafu zilikuwa za miaka ya 1950. Zilikuwepo, zimechapwa, zimo kwenye Index Medicus ya karatasi, imeketi rafuni. Kompyuta ikasema hakuna, na kwa kompyuta ilikuwa kweli: ndani yake hazimo. Serikali ikasimamisha kwa muda utafiti uliokuwa ukigharimiwa nayo chuoni pale.

Tangu hapo faharasa za zamani zimeingizwa, sasa PubMed inarudi hadi miaka ya 1940. Lakini kila kanzidata ina ukingo wake. Ina mwaka inapoanzia. Ina majarida inayoyachukua na isiyoyachukua. Ina lugha inazozipendelea. Embase, iliyozaliwa Uholanzi kutokana na Excerpta Medica, ina mengi ya dawa na ya majarida ya Ulaya ambayo PubMed haina, ila inalipiwa. Wauguzi mna CINAHL yenu, nayo inalipiwa. Shirika la Afya Duniani lina African Index Medicus, kwa ajili ya majarida ya Afrika ambayo wakubwa hawakuyachukua, na hiyo ni bure. Yupo na AJOL, kule Afrika Kusini, anayekusanya majarida ya bara letu tangu 1998. Wangapi humu mmewahi kufungua African Index Medicus? Nyoosheni mikono. Naona mitatu. Na mmoja ni wangu.

Sijaona...

(Si hakuna!)

Hapo mmeamka.

Kisa cha mwisho ni kizito, na hakina fundi wa kukirekebisha kwa AND na OR. Mwaka 2014 Ebola iliingia Liberia. Watu wakasema: jambo geni, halijawahi kuonekana upande huu wa Afrika. Ilikuja kuua zaidi ya watu 11,000 Liberia, Sierra Leone na Gine. Aprili 2015, daktari mkuu wa serikali ya Liberia, Bernice Dahn, na wenzake wawili, wakaandika kwenye New York Times kwamba walikuwa wamekutana na makala ya 1982. Watafiti wa Ulaya walikuwa wamepima damu za watu wa Liberia, wakakuta dalili kwamba baadhi yao walishakutana na virusi vya Ebola. Wakaandika wazi kwamba Liberia ihesabiwe kwenye eneo la Ebola, na kwamba wahudumu wa vituo vya afya wajue wanaweza kukutana na wagonjwa, wajiandae ugonjwa usisambae hospitalini.

Miaka 32 kabla! Iliandikwa. Ilichapishwa Ulaya. Hakuna Mliberia kati ya waandishi. Na Dahn na wenzake wakapiga hesabu: kupakua makala ya namna hiyo kunagharimu dola 45, sawa na nusu ya mshahara wa wiki wa daktari wa Liberia.

Kwa hiyo kadi inaweza kuwepo, jina likawa sahihi, na mlango ukawa na kufuli. Tufanyeje? Kwanza, angalia kama makala iko PubMed Central. Hiyo ndiyo yenye makala kamili za bure, msiichanganye na PubMed. Pili, mwandikie mwandishi barua pepe. Watu wanaogopa, lakini mwandishi aliyeombwa makala yake hufurahi kama bibi aliyeombwa picha za wajukuu. Tatu, Hinari. Mpango huo wa Shirika la Afya Duniani na wachapishaji ulianza 2002, kwa ajili ya nchi kama zetu, na unafungua maelfu ya majarida kwa taasisi zilizosajiliwa.

Niliwahi kwenda hospitali moja, siitaji, madaktari wakinilalamikia kwamba hawana Hinari. Nikauliza ofisini. Walikuwa wamesajiliwa miaka minane! Nywila ilikuwa imeandikwa kwenye kipande cha bahasha, ndani ya droo ya katibu muhtasi aliyekwisha staafu, chini ya mihuri. Miaka minane watu wanalipia makala kutoka mifukoni mwao, na ufunguo umelala chini ya mihuri. Ya kwetu nimeibandika mlangoni mwa maktaba, kwa ndani. Ingieni mwione.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Neno moja kwa vijana. Juzi mwanafunzi ameniletea orodha ya marejeo aliyopewa na programu ya kuzungumza na kompyuta, akitaka nimpatie makala kamili. Waandishi wa kweli, majarida ya kweli, miaka inaingia akilini. Tukatafuta moja baada ya nyingine. Baadhi yake hazijawahi kuandikwa na mtu yeyote duniani. Mimi nilishindwa kuona kilichopo. Huyu kaonyeshwa kisichokuwepo. Kila rejea unayopewa na mashine, itafute kadi yake. Haina kadi, usiipeleke kwa mgonjwa.

Nawashukuru kwa kunisikiliza.

Baada ya makofi mwenyekiti aliruhusu swali moja. Muuguzi wa wodi ya watoto, mama mtu mzima, akasimama akaniuliza: "Mwanangu, yote umesema Kiingereza na Kimakonde. Mama akiniletea mtoto anasema ana degedege. Hilo neno nalo liko kwenye hilo kabati lako, au hakuna?"

Kompyuta ilikuwa bado inawaka, nikamwomba aje aandike mwenyewe. Akaandika kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi: degedege. Ikatoka makala ya 1996, neno lake limo kwenye jina la makala kama alivyoliandika, kuhusu jinsi wazazi wa Bagamoyo wanavyoitibu degedege na maana yake kwa vifo vya malaria kali. Na nyingine chini yake. Akasoma jina lote kwa sauti, polepole, kisha akavuta kiti.

Kutoka nyuma, karibu na mlango, kijana mmoja akapaza sauti: "Mama, jaribu na chango!"